Umeme kwa Wanaozalisha

Kwa heshima na taadhima, ofisi ya Mheshimiwa Arvid Tveit, Seneta wa Dakota Kaskazini, inalitangazia taifa kuwa tatizo la umeme limekwisha. Waliobaki gizani wamebaki kwa mujibu wa sheria.

Mimi ndiye msemaji wake, na nilikuwepo alipoibuni sera yenyewe. Tulikuwa katika chumba cha chini cha kanisa, mjini kwao, tunakula viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga. Mheshimiwa akainua uma.

"Baridi ikizidi na umeme ukipungua, apewe nani? Anayezalisha! Asiyezalisha kitu, akatwe."

Wataalamu wangekaa miaka kumi. Yeye hata kahawa yake haikupoa.

Mama yake, Bi Borghild, anayeishi nyumba ya wazee mtaa wa pili, akaweka kijiko chini. "Na Agda wetu wa nyumba ya wazee, anayepumua kwa mashine, anazalisha nini? Umeme ukikatika, tunamzika. Ongeza maneno mawili tu, mwanangu: na wagonjwa."

"Mama, hii ni sera ya taifa. Leo maneno mawili, kesho watadai ukurasa!"

Kauli hiyo niliinukuu palepale, na kule Washington ilipigiwa makofi. Sheria ikapita.

Januari baridi ikaja, ile ya mate kuganda kabla hayajafika chini. Kampuni ya umeme ikatekeleza sheria kwa uadilifu mkubwa: ikaanza na ofisi yetu. Nikapiga simu kwa ukali.

"Mnajua hapa ni ofisi ya seneta?"

"Tunajua, bwana. Mnazalisha nini?"

"Taarifa kwa umma."

"Mnazipima kwa kilo au kwa lita?"

Nikakata simu, nikilinda hadhi ya ofisi. Jioni wakakata na nyumbani kwa Mheshimiwa. Gari nalo, ambalo huku hulala limechomekwa kwenye umeme ili injini isigande, likagoma kabisa. Ikabidi tutembee kuelekea jengo pekee lililokuwa na taa. Nyumba ya wazee! Juu ya mlango walikuwa wamebandika kibao kipya: KIWANDA CHA GLAVU.

Mheshimiwa akagonga. Kidirisha kikafunguka.

"Mama, fungua, tunakufa!"

"Unazalisha nini?"

"Mama! Ni mimi, Arvid!"

"Arvid namjua, nimemzaa mwenyewe. Nimeuliza anazalisha nini."

"Nazalisha sera, Mama."

"Hiyo tumeiona. Ilitaka kumuua Agda." Akatoa dirishani glavu yenye vidole viwili. "Sasa Agda anafuma kidole kimoja kwa siku, mashine puani. Wewe je?"

Mheshimiwa alinitazama. Mimi nikapekua mifuko, nikapata taarifa kwa umma tu. Jamani, niliona aibu, ingawa msimamo wa ofisi ni kwamba haikuwepo.

"Nitayaongeza yale maneno mawili," akasema, meno yakigongana.

"Utayaongeza. Kwanza shika hizi." Zikapitishwa dirishani sindano mbili za kufumia na uzi wa sufu.

Kwa hiyo tunatangaza rasmi kwamba Mheshimiwa sasa ni mzalishaji, na amekaa kando ya kitanda cha Agda. Mimi, kwa kuwa kuongea hakuhesabiwi, nimepangiwa kuviringisha uzi. Glavu ya kwanza ya Mheshimiwa imetoka leo asubuhi. Haina pa kuingizia mkono. Agda ameigeuzageuza, akavuta pumzi ya mashine, akaifumua yote.

"Anza upya, Seneta," akasema. "Umeme upo."