Linki Ngeni za Ukumbi wa Mama Dorotea

Nkwabi alikuwa mtu wa kuheshimu jasho, hasa la wenzake. Kibanda chake nyuma ya stendi ya Buzuruga kilikuwa na kibao kilichoandikwa "Daktari wa Tovuti", na wagonjwa walipokosekana, daktari alikwenda kuwaambukiza mwenyewe.

Safari hii alikuwa na haja ya kweli. Mzee Shigela wa Magu, baba yake Evelina, alishasema kwamba binti yake hataolewa chini ya turubai. Ukumbi, tena wa maana, la sivyo ng'ombe wa mahari warudi walikotoka. Nkwabi alimpenda Evelina. Ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulidanganya. Kwa hiyo kamati ya harusi ilipokaa, alisimama akatangaza kwamba ameshapata ukumbi wa Mama Dorotea kule Kiseke, ndugu waendelee tu kuulipia kwa kuchanga kupitia tovuti ya harusi aliyoitengeneza.

Hakuwa ameupata. Ila jioni ile, akiichungulia tovuti ya ukumbi, aligundua kuwa neno lake la siri ni "karibu". Akaingia bila hodi.

Kesho yake alimtokea Mama Dorotea kwa koti na tai, kompyuta kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni bima, nimeshakata."

"Mimi nakagua tovuti za watu wema." Akabonyeza. Programu yake ikapita ukurasa kwa ukurasa ikiokota kila linki iliyokutana nayo, na mwisho zikajitokeza mbili kwa rangi nyekundu. "Hizi ni ngeni, mama. Tuzifuate tuone zinaishia wapi."

Ya kwanza iliishia kwenye kamari. Ya pili kwa mganga anayerudisha nguvu za kiume, pamoja na picha.

Mama Dorotea alikaa chini. Maharusi wake karibu wote walitoka parokiani. "Padri akifungua hii, nimekwisha."

"Ni wahuni wa nje ya nchi. Kuwang'oa ni kazi, lakini hela yako siitaki. Nipe tu ukumbi Jumamosi ya harusi yangu."

"Unamwoa nani?"

"Evelina, wa mzee Shigela wa Magu."

"Familia nzuri ile," alisema Mama Dorotea taratibu. "Haya, ng'oa."

Ziling'oka kabla chai haijapoa. Nkwabi aliondoka akipiga mluzi. Ukumbi bure, na michango ya ukumbi yote mfukoni! Alianza kuchagua rangi ya pikipiki.

Ugonjwa wa wajanja ni uvivu. Justa, binti wa kaka yake Mama Dorotea anayepokea oda za ukumbi, alikuwa amenakili anwani ya ule ukurasa wa kamari. Akakata mkia wa anwani ili aone unatokea nyumba gani. Badala ya mhuni wa nje ya nchi, akakutana na Nkwabi na Evelina wamevaa sare ya kitenge, wanatabasamu, juu ya kitufe cha "Changia Harusi Yetu". Nkwabi aliona kulipia mahali pengine ni ufujaji, akazificha kurasa zake chafu ndani ya tovuti ya harusi yake mwenyewe.

"Niite polisi, shangazi?"

"Binti wa watu aaibike? Hapana. Jaribu neno lake la siri."

Justa akaandika "evelina". Pakafunguka.

Wiki ya harusi ikafika, na kwenye simu ya Nkwabi hakujaingia hata mchango mmoja. Akampigia mama yake mdogo, Bernadeta, kuulizia mchango.

"Nilishatuma, mwanangu. Tena nilipoona jina lililotokea ni la ukumbi wenyewe, siyo lako, nikaongeza."

Nkwabi alikata simu, akafungua kompyuta. Akaiachia programu yake ipite kwenye tovuti yake. Ikaokota linki moja ngeni, chini ya kitufe cha kuchangia. Akaifuata. Ikamfikisha kwenye namba ya malipo ya Mama Dorotea, naye akaenda Kiseke mwenyewe.

"Mama, kuna linki ngeni kwenye tovuti yangu."

"Pole, baba. Watakuwa wahuni wa nje ya nchi." Akammiminia chai. "Kuing'oa ni rahisi. Ila ikitoka, na ukumbi unatoka, na mzee Shigela nitamweleza mwenyewe ilivyoota."

Nkwabi aliiwaza pikipiki. Kisha akamwaza Evelina, na pikipiki ikaondoka peke yake.

"Iache, mama."

Harusi ilifana. Mzee Shigela alikamata kipaza sauti. "Vijana wengine wakichangisha, hela zinapotelea njiani. Za huyu zimefika ukumbini zote. Wabeja, asante sana, mkwe wangu."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, na vya Mama Dorotea vilikuwa virefu kuliko vyote. Nkwabi aliinamisha kichwa, watu wakasema kijana ana unyenyekevu.

Evelina akamnong'oneza sikioni. "Unisamehe. Nilidhani utakula hela za michango."

"Mimi?" akasema Nkwabi, akamlisha keki kabla hajauliza zaidi.