Inga wa Duluth Amekubali Kwenda Meksiko

Jumanne, 9 Januari

Nimekasirika. Nje kuna baridi ya kupasua mawe, na mimi humu ndani nachemka.

Kikao cha Ukuta Mtupu leo, nyumbani kwa Solveig. Ukuta Mtupu ndiyo tovuti yetu ya sanaa ya kisasa: makala, picha, video, na mahojiano na watu waliofunga kamba kwenye mti wakaiita kazi. Nimeiandikia miaka saba. Jina langu halipo popote! Ndiyo kanuni ya kikundi. Hakuna mkubwa, hakuna mwenye makala, kila kitu husainiwa "Ukuta Mtupu", na yeyote anaweza kurekebisha cha mwenzake. Juzi niliandika kwamba sanamu mpya ya pale mtoni ni "kilio cha chuma kilichosahauliwa na binadamu". Asubuhi nakuta imeandikwa: "ni chuma". Nani kafanya? Ukuta Mtupu!

Halafu mwaliko. Maonyesho makubwa Meksiko yanataka mmoja wetu akae jukwaani aeleze tunavyofanya kazi. Jina lake litakuwa kwenye bango. Jina! Solveig, mchongaji wetu mwenye sauti ya kubembelezea watoto, akauliza nani aende. Kimya. Bila shaka kimya. Hapa Minnesota mtu hajitaji mwenyewe. Hata kipande cha mwisho cha keki hakuna anayekichukua: hukatwa nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka inabaki chembe ambayo panya angeionea aibu. Lazima utajwe na mwenzako. Nikamkazia macho Pa Houa, anayetunza mitambo ya tovuti, mpaka machozi yakanilengalenga. Akaniuliza kama nina mafua.

Uamuzi umesogezwa hadi Jumanne ijayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nitainama hadi kiuno kivunjike.

Jumatano, 10 Januari

Nimepata! Kama hakuna wa kunitaja, nitamtengeneza.

Nimemzaa Inga Dahlquist. Mtu mzima, mfumaji, anaishi mbele ya Duluth kandokando ya ziwa. Mtandao wa huko dhaifu mno, hivyo hawezi kuonyesha sura. Nimemfungulia barua pepe mchana, wakati wa chakula, kwenye kompyuta ya duka la rangi ninakofanya kazi. Kaomba kujiunga. Kasema anaipenda sana tovuti, hasa ile makala ya chuma kabla haijaharibiwa.

Wamempokea kabla sijamaliza mkate wangu. Solveig kaandika, "Karibu sana dada, tulikuwa tunakusubiri." Mimi nilipoomba kujiunga waliniweka kiporo majira yote ya baridi.

Ijumaa, 12 Januari

Ili Inga asikilizwe, lazima kwanza aheshimiwe. Nikamwandikia makala kuhusu vilima vya theluji wanavyorundika kwenye maegesho ya magari: kwamba ni sanamu zisizo na mchongaji. Niliandika kwa hasira, mteja mmoja akinisubiri nimchanganyie rangi ya krimu.

Wote wamepagawa! Pa Houa kasema imemliza. Carmine, mpiga picha wetu kutoka New Jersey, mtu mwenye sauti ya lori, kaandika, "Huyu mama ni moto!" Miaka saba hajawahi kuniambia hata kwamba mimi ni vuguvugu. Na hakuna aliyegusa neno lake. Hata koma! Mkono ni uleule, kichwa ni kilekile. Mimi nafyekwa kama majani, yeye anapigiwa makofi.

Namchukia Inga kidogo. Lakini ananifanyia kazi.

Jumamosi, 13 Januari

Inga kaandika barua ya kunipendekeza. Nzuri sana. Kuna mahali nimejiita "nguzo", nikafuta, nikarudisha.

Yaliyobaki ni adabu tu. Mama alinifunza tangu utotoni, kwa kahawa na kwa kila kitu: ukipewa, kataa. Ukipewa tena, kataa. Mara ya tatu pokea, huku ukitazama viatu vyako. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi.

Nikampigia mama, yuko St. Cloud. Nikamwambia huenda jina langu likawa kwenye bango Meksiko. Akasema vizuri, akauliza kama bado nauza rangi. Nikasema ndiyo. Kisha akasema atamwambia jirani. Mama hajawahi kumwambia jirani lolote kuhusu mimi. Sasa hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 16 Januari

Nataka kupiga mtu. Sijui nani, nadhani mimi.

Kikao. Solveig akasoma barua kwa sauti: Inga anampendekeza Lyle Brekken. Nyuso zote zikanigeukia, mashavu yakawaka. Nikasema, vizuri kabisa, kama nilivyojifunza mbele ya kioo, "Hapana jamani, mimi ni nani?"

Nikasubiri nisisitiziwe. Wanatazamana. Wa kusisitiza ni yule aliyependekeza, na yule aliyependekeza yumo kwenye simu yangu! Simu imo mfukoni mwa koti! Koti limo kitandani kwa Solveig, chini ya makoti ya wote! Nikasema naenda msalani. Nikapiga mbizi kwenye makoti. Napapasa, natoa glavu, skafu, glavu nyingine. Nilipoipata simu na kuandika "Inga: nasisitiza sana", nikasikia shangwe sebuleni.

Nikarudi mbio. Solveig akanieleza kwa upole kwamba nimekataa na lazima waheshimu. Lakini Inga! Anaandika vizuri, hana makuu, anapendekeza wengine. Si aende yeye? Wote walikuwa wamenyoosha mikono juu wakitikisa vidole, ndiyo ishara yetu ya kukubaliana. Ningeweza kupinga. Mtu mmoja tu akikunja mikono kifuani, jambo linasimama. Lakini lazima atoe sababu. Sababu gani? Kwamba hayupo duniani?

Nikanyoosha mikono. Nikatikisa vidole.

Jumatano, 17 Januari

Inga akakataa, asubuhi mapema. Hastahili, aende Lyle. Solveig akawaandikia wote, "Mnauona unyenyekevu huo!" Wakamsihi.

Mchana Inga akakataa tena, kwa ukali. Pa Houa akaandika, "Bado moja."

Bado moja! Nikaandika kwa herufi kubwa: SIENDI. SIENDI KABISA. MSINIANDIKIE TENA. Nikatuma. Solveig akajibu kwa mioyo myekundu mitupu na tangazo kwa kikundi: "Amekubali!"

Carmine akauliza mbona mama mwenyewe kasema haendi. Akaambiwa yeye ni mgeni, hawezi kuelewa. Kaoa hapa, watoto wake wanasoma hapa, bado mgeni. Kwa mara ya kwanza maishani nimekubaliana na Carmine, na siwezi kumwambia.

Mimi nikisema hapana, ni hapana. Inga akisema hapana mara tatu, anakatiwa tiketi. Haki iko wapi?

Ijumaa, 19 Januari

Nimemvunja Inga mguu. Kateleza kwenye barafu akienda kuchukua kuni. Hawezi kusafiri, anasikitika, aende Lyle. Kwisha!

Haikwisha. Watu wa hapa wakisikia mguu umevunjika, hawasikii kingine. Wanawasha jiko. Solveig anaoka trei ya nyama na viazi. Pa Houa naye anaoka, na kuna supu. Kesho wote wanampelekea Duluth kwa gari la Carmine. Nimeombwa nikae mbele nielekeze, kwa sababu Inga "anakupenda sana, Lyle".

Jumamosi, 20 Januari

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Leo niliingia nikiwa na trei ya moto mapajani.

Anwani ya Inga niliitunga. Barabara ipo kweli, laana! Inaishia ziwani. Hakuna nyumba. Barafu, upepo, na sisi wanne na vyakula vyetu. Solveig akaita, "Inga! Dada Inga!" Akiliita ziwa.

Pa Houa akanitazama akasema taratibu, "Lyle, sema tu." Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Mitambo humwonyesha kila mtu anaingia tovutini akiwa wapi, na Inga huingia akiwa duka la rangi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Nilidhani utasema mwenyewe. Sikutaka uaibike."

Hapo nikapasuka. Nikapiga kelele yote: miaka saba, kilio cha chuma, koma ambazo Inga anaachiwa na mimi nanyang'anywa, mama yangu na jirani yake! Nadhani sauti ilifika ng'ambo. Nilipomaliza, hata upepo ulikuwa umeona haya. Solveig akashusha pumzi akasema, "Basi, hiyo nayo ni... tofauti."

Kwetu neno hilo ni zaidi ya kofi.

Lakini Carmine alikuwa amekaa kwenye theluji anacheka mpaka analia. Akasema hii ndiyo kazi bora kuliko zote walizowahi kutoa! Mwanachama asiyekuwepo, anayependwa na wote, anayekataa na kupelekwa kwa nguvu. Huyo ndiye wa kumpeleka Meksiko! Solveig akaanza kutabasamu. Mikono ikapanda, vidole vikatikisika ndani ya glavu. Inga ni kazi ya sanaa. Imesainiwa: Ukuta Mtupu.

Nikakunja mikono kifuani. Nilipinga! Solveig akadhani nasikia baridi, akanivisha skafu yake. Nikasema, "Inga ni wangu!" Akanipapasa bega. "Hakuna cha mtu hapa, Lyle, ndugu yangu. Kula kidogo, njaa ina hasira."

Nikala. Nilikula chakula cha Inga nimesimama, na kilikuwa kitamu, na hilo pia likaniudhi.

Jumatatu, 22 Januari

Meksiko wamejibu. Wamefurahi mno. Jukwaani kutawekwa kiti kitupu, na bango litaandikwa: INGA DAHLQUIST. Hana mwili, hana kodi, hana mama, ana bango!

Anahitajika mtu mmoja wa kusafiri, kukaa kando ya kiti na kumsomea Inga maneno yake. Jina la msomaji litaandikwa pia, chini, kwa herufi ndogo. Zinasomeka. Nimeuliza.

Mama kapiga. Jirani anataka kujua bango litatoka lini. Nikasema hivi karibuni.

Jumanne, 23 Januari

Kikao. Solveig aligawa kahawa, akakaa, akanigeukia mbele ya wote. Akasema wamezungumza, na wanajua imeniuma. Akasema maneno ya Inga niliyaandika mimi na hakuna atakayeyasoma kama mimi. "Nenda wewe, Lyle. Tafadhali."

Alimaanisha. Macho yake yalikuwa na maji. Pa Houa alikuwa anaitikia kwa kichwa. Chumba kizima kilinisubiri. Neno moja tu, na bango lina jina langu, na mama anatoka nje kumwita jirani.

Nikatazama viatu vyangu.

Nikasema, "Hapana jamani, mimi ni nani?"

"Naenda mimi!" akasema Carmine.

Nilikuwa sijainua hata macho! Mikono ikapanda, vidole vikatikisika, kwisha. Hakukataa hata mara moja! Mara moja tu ya adabu, aibu hana? Halafu akanyoosha mkono akachukua kipande cha mwisho cha keki. Kizima!

Jumatano, 24 Januari

Nimelala, nimeamka, nimeona kosa langu waziwazi. Kosa ni idadi. Inga alikuwa peke yake. Mtu akikataa kwa adabu, anahitaji mmoja wa kusisitiza mara ya pili na mwingine wa tatu. Ningekuwa na watu wawili wa ziada, saa hii ningekuwa napanga sanduku.

Mwakani kuna maonyesho mengine, Toronto. Bwana Halvor Engebretson, mstaafu wa Fargo, mchonga bata wa mbao, ameomba kujiunga na Ukuta Mtupu leo mchana. Ana binamu, naye anapenda sanaa. Wote wawili wana mtandao dhaifu.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Sikutumia kompyuta ya nyumbani, wasije wakanijua. Nimetumia ya dukani.