Mama Mkwe Amekataa Kusahau

Kwa Bi. Marketta Saarela,
Mtaalamu wa Lishe,
Kituo cha Afya, Kuusivaara.

Bibi Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi. Mimi ni Urpo Hietala, msimamizi mstaafu wa ghala la mbao. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu mhadhara ulioutoa katika ukumbi wa kijiji mwaka juzi, juu ya chakula na ubongo wa wazee. Mama mkwe wangu, Bi. Lempi Vaarala, mwenye umri wa miaka themanini na minne, alikaa mstari wa mbele. Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa gari langu. Najuta.

Ulieleza, na niliandika katika shajara yangu, kwamba mwili ukifanya kazi zake za kila siku hubaki na mabaki makali yanayoukwaruza ubongo, kama kutu inavyokula bati, na kwamba uzeeni kinga yetu dhidi ya kutu hiyo hupungua. Ukasema katika vyakula mna vitu viitwavyo antioksidanti, ambavyo huyatuliza mabaki hayo, na kwamba vimejaa kwenye mustikka, vile vitunda vyeusi vya msitu wetu wenyewe, kwenye kabichi nyekundu na mboga za majani, hata kwenye kahawa. Ulisema pia kwamba hiyo si dawa, ni msaada tu, na hakuna aliyeahidiwa kitu. Hayo ya mwisho mama mkwe hakuyasikia, au aliyasikia akayapuuza. Tangu siku hiyo anakula bakuli la mustikka kila asubuhi, na madhara yake ni haya yafuatayo:

1. Nimeandika shajara tangu nikiwa sekondari, na hakuna mtu aliyewahi kuibishia. Sasa inabishiwa. Niliposoma mezani kwamba mvua ya mawe iliyovunja vioo vya kibanda cha kuoteshea nyanya ilinyesha Jumanne, mama mkwe aliweka kikombe chini akasema ilikuwa Jumatano, kwa sababu Jumanne sauna ya kijiji, lile bafu la mvuke, ilikuwa zamu ya wanawake, naye alirudi nyumbani kwa miguu bila kulowa hata tone. Nilikwenda maktaba kukagua gazeti. Ilikuwa Jumatano. Fikiria, Bibi, mtu anayeandika kila kitu amegeuzwa mtu asiyejua kitu.

2. Siku ya harusi yangu nilitoa hotuba, nikawashukuru wote, hadi mpiga kinanda, nikamsahau mama wa bibi harusi. Jambo hilo lilikuwa limeshazikwa. Mustikka zimelifukua. Wageni wakija, mama mkwe huwasomea hotuba yangu yote kwa kichwa, pamoja na mahali nilipokohoa.

3. Hapa naomba uweke kahawa yako pembeni. Wewe ni mtu wa huku, huhitaji kuelezwa kwamba mtu hamwonyeshi mwenzake kinamasi anakochuma hilla, yale matunda ya manjano. Hata mchungaji haulizi. Marehemu Veikko, baba mkwe wangu, alimwonyesha Lempi kinamasi chake siku alipomchumbia, badala ya pete. Mke wangu Tuulikki, binti yao wa pekee, hajaonyeshwa mpaka leo. Lakini mama mkwe aliniahidi mbele ya mashahidi: "Siku nitakapoanza kusahau, Urpo, nitakupeleka wewe. Kabla ya hapo usinifuate, masikio ninayo."

Kabla tu ya mhadhara wako dalili zilikuwa nzuri. Alitia chumvi kwenye kahawa. Alimwita mbwa wa jirani kwa jina la waziri mmoja. Nilinunua viatu vya mpira na ndoo mbili. Usinifikirie vibaya, nampenda mama huyu, ila mtu hujiandaa. Ndipo ukaja wewe na picha zako ukutani. Sasa kila mwisho wa Julai hupanda baiskeli sisi tungali usingizini, anarudi na ndoo imejaa na matope hadi magotini, na nikimuuliza kwa adabu anasema, "Nakumbuka vizuri sana, mwanangu. Subiri zamu yako." Tuulikki hucheka. Ni mamake.

4. Balaa limeenea. Wazee wote wa kijiji wanakula mustikka, na hakuna kinamasi kilichobadili mikono tangu ulipoondoka. Sisi wa miaka sitini na kitu, tunaokula mkate mweupe na soseji, ndio tunaosahau tulikoweka miwani. Hali ikiendelea hivi tutatangulia sisi, na wazee watasimama makaburini wakitukumbuka kwa usahihi mkubwa.

Kwa hiyo naomba, kwanza, ushauri wako usiwahusu watu wa zaidi ya miaka themanini ambao bado hawajamwonyesha mtu kinamasi chao. Pili, kama hilo haliwezekani, urudi ukumbini utoe mhadhara mwingine kuhusu faida za soseji. Soseji nitachangia mimi.

Nisalimie daktari, wauguzi wote, dereva wa gari la maktaba, na mama yako mzazi, ambaye nasikia naye ameanza mustikka. Mshauri apunguze.

Ni mimi, nikuandikiaye bila chuki yoyote,

Urpo Hietala

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga bahasha. Leo alfajiri mama mkwe alisimama mlangoni mwa chumba chetu, amevaa koti la Tuulikki, akaniambia kwa sauti ya chini, "Veikko, amka, twende kabla jirani hajatuona." Nilimfuata. Tulipita misonobari, tukavuka mahali nisipopataja, hadi harufu ya kinamasi ikaniingia puani na nikaanza kuona manjano kati ya miti. Hapo nikamshika mkono nikamwambia tumesahau kahawa, turudi. Alikubali, maana Veikko, kumbe, alikuwa hawezi kuchuma bila kahawa.

Tulipofika karibu na nyumbani alisimama akanitazama. "Urpo, unafanya nini huku? Umenifuata?" Nikasema ndiyo. Alinitukana hadi mlangoni, kwa mpangilio, akianzia mwaka nilipomchumbia binti yake, na hakukosea hata mwaka mmoja. Sikumbuki lini nilifurahi namna hiyo.

Tafadhali usiondoe ushauri wowote. Uniandikie upesi: je, bakuli moja kwa siku latosha, au nimpe mawili?