Mbunge wa Presha

Siku hiyo ugomvi ulianzishwa na redio. Bonge, mchomeleaji vyuma, alikuwa ndiyo kwanza amevua miwani yake ya kazi na kuketi kwenye benchi nje ya kibanda cha Soli, fundi viatu, mara mtangazaji akasema: Bunge limeazimia kwa kauli moja kwamba kila mwananchi apimwe presha na sukari, ili magonjwa sugu yakomeshwe.

"Kwa kauli moja!" akadakia Hansadi, mlinzi mstaafu wa shule, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hakuna neno la bungeni lililompita. "Hata wapinzani wamepiga meza. Hii ni historia, jamani."

"Kupiga meza ndiyo dawa?" aliuliza Soli, misumari ikiwa imebanwa midomoni.

"Sera kwanza, dawa baadaye. Ukishajua unaumwa, nusu umeshapona."

"Mimi sukari yangu naijua tangu mwaka juzi. Hiyo nusu yangu kaichukua nani?"

Bonge alicheka mpaka benchi likalalamika. Alicheka kuliko wote, na alikuwa na sababu yake. Naye alikuwa na presha, ila hakutaka itajwe pale, maana muuza kahawa wa kijiwe hicho alikuwa mdogo wa mkewe, na habari ingefika nyumbani kabla yake. Kijiwe kizima kilimwita Shemeji, lakini ni Bonge peke yake aliyekuwa na haki ya jina hilo, pamoja na hofu yake.

"Kupima, kupima tu!" Bonge akasema, akijitia hayamhusu. "Fundi nguo akikupima kila mwezi bila kushona, si utatembea uchi, tena unakijua kiuno chako vizuri kabisa?"

"Wewe ni mpinga maendeleo," Hansadi akanyoosha kidole.

Kabla hajakishusha, gari lenye spika juu likafunga breki mbele yao. Akashuka Mheshimiwa mwenyewe, mbunge wao, suti imefungwa kifungo kwa mabavu. Nyuma yake nesi mwenye mashine ya kupimia, na mpiga picha. Akasalimia kila mtu kwa mikono miwili, kama mtu anayeona uchaguzi kwa mbali.

"Ndugu zangu, tumeanza utekelezaji! Nani anajitolea kupimwa, taifa limwone?"

Ghafla kila mtu akakumbuka kazi. Soli akaanza kugonga kiatu ambacho alishakimaliza.

"Mpimeni shemeji yangu huyo," akasema Shemeji, birika mkononi. "Dada anasema usiku anahema kama mivukuto."

Jasho likamtoka Bonge, lakini ulimi haukumwangusha. "Mheshimiwa, sisi ni wafuasi. Kiongozi ndiye anayetangulia."

Kijiwe kikashangilia. Kamera ilikuwa tayari inamtazama Mheshimiwa, akabaki hana pa kukimbilia. Akavua koti, akaketi, akatabasamu. Mashine ikajaa upepo, ikanguruma, ikatulia. Nesi akasoma. Akazima, akapima tena. Akahamia mkono wa pili.

"Mheshimiwa, umepanda ngazi?"

"Nimeshuka garini tu. Kwani vipi?"

Nesi akamwinamia sikioni, lakini kijiwe kina masikio marefu. "Presha hii ni ya mtu aliyelazwa, si ya mtu anayehutubia."

Tabasamu likamwanguka Mheshimiwa. Mpiga picha akashusha kamera. Bonge, aliyekuwa amejiandaa kucheka, akakosa kicheko. Sura ile aliijua. Ndiyo aliyoiona kwenye kioo chake siku aliyoambiwa. Akamwegemeza Mheshimiwa ukutani, na Soli akapiga magoti akamvua viatu vilivyokuwa vimembana.

"Nipe dawa basi, binti yangu," Mheshimiwa akasema kwa sauti ndogo.

"Garini tuna fulana na mabango, Mheshimiwa."

"Si zahanati ile pale?"

"Dawa za presha zimekwisha. Fungu lake lilihamishiwa kwenye maandalizi ya kampeni hii."

"Nani alipitisha jambo kama hilo?"

"Bunge, kwa kauli moja," Hansadi akajibu kwa mazoea, kisha akaziba mdomo.

Bonge akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na nusu ya kidonge.

"Mimi ninayo hii. Navikata ili vifike mwisho wa mwezi. Chukua, Mheshimiwa."

Nesi akamshika mkono. "Dawa ya mtu hamezi mwingine. Na nani alikuambia uikate?"

"Kabati la zahanati likiwa tupu, kisu ndicho daktari."

Shemeji akalitua birika chini taratibu. "Shemeji, dada anajua?"

"Hajui."

"Leo atajua. Ulitaka tuje tukuokote kwenye cheche zako? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umetuona sisi nani?"

Bonge akainamisha kichwa.

Mheshimiwa akakimbizwa hospitali kubwa, viatu mkononi. Bonge alipopimwa, yake ikawa chini ya ile ya mbunge. "Amenishinda kwa kura nyingi," alisema, lakini hakuna aliyecheka, naye hakusisitiza.

Mheshimiwa alilazwa, akapona, akarudi bungeni akiongea polepole kama mtu aliyekuwa ng'ambo ya pili. Haukupita muda, dawa za presha zikajaa zahanati. Bonge akawa anameza kidonge kizima, Shemeji akimsimamia mpaka afunue kinywa, mkewe akipelekewa taarifa.

Basi asubuhi moja Soli akarudi kutoka zahanati mikono mitupu.

"Ya presha ipo mpaka darini," akasema, akijikokota kuketi. "Ya sukari hakuna hata harufu. Wananiambia nivumilie."

"Serikali huenda hatua kwa hatua," Hansadi akatetea, ingawa bila moto.

Bonge akamtazama rafiki yake akiupapasa mguu uliokuwa umeanza kufa ganzi. Akafikiri sana, kisha akapiga paja.

"Nimeelewa! Mbunge ni mwakilishi. Sisi wa presha tumepata wa kutuwakilisha. Nyinyi wa sukari hamjapata mtu."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Tumwombee Mheshimiwa apate na sukari."

"Hivi nyinyi mna akili?" Hansadi akaruka. "Mnamwombea mtu mzima maradhi?"

"Maradhi gani, Hansadi?" Soli akajibu, akichukua nyundo yake. "Tunamwongezea jimbo."

Hansadi akakung'uta suruali, akaondoka haraka kabla hajaulizwa kura yake.