Malalamiko Juu ya Chungu Kimoja cha Mama Kemuma

Sironga,
Ijumaa, 14 Agosti 1953

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Leseni za Pombe

Bwana Mwenyekiti Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na kamati yako yote. Mimi ni karani wa mnada wa ng'ombe hapa Sironga. Nina miaka kumi kazini na sijawahi kulalamika, hata siku ile fahali aliponitoboa koti kwa pembe. Lakini hili la nyumba ya pombe ya Mama Kemuma limenishinda, nami naliandika kwa heshima zote.

1. Nyumba hiyo ni ndogo mno na, vibaya zaidi, ni nzuri mno. Ina mlango mmoja, vigoda saba, moto wa kuota, na chungu kimoja cha pombe ya wimbi ambacho kila mtu hukinywea kwa mrija wake mrefu. Mama Kemuma hapiki kama wengine. Huwatazama wateja usoni mmoja mmoja, kisha huchanganya: asali kwa waliogombana na wake zao, ndimu kwa walimu, ndizi mbivu kwa waliofiwa, tangawizi kwa makarani. Ingekuwa nyumba mbaya ningekwenda kunywa kwingine, nawe usingesumbuliwa.

2. Mzee Angwenyi, baba wa mke wangu Bathsheba, ameigundua nyumba hii. Wewe ni Mgusii, sina haja ya kukueleza ensoni, ile haya yetu: mtu na baba mkwe hawanywi chumba kimoja, wala mmoja hamwoni mwenzake na mrija mdomoni. Nikikutwa, itabidi mbuzi achinjwe ili tutakaswe, na Bathsheba atarudi kwao kwa aibu. Nami nampenda Bathsheba.

3. Jana, Alhamisi, ilikuwa mara ya tano. Saa tisa alasiri Mzee alikohoa mlangoni. Niliruka nyuma ya kihenge cha wimbi, lakini kwa hofu mrija sikuuachia. Ukabaki umetokeza pale nyuma hadi chunguni, watu wote wakiuona. Mzee aliketi, akautazama, akauliza ni wa nani. Mama Kemuma akajibu ni wa mgeni. Mzee akasema vyema, mgeni na anywe. Nikanywa, Bwana Mwenyekiti, maana mrija usiovuta ungeleta shaka.

4. Kwa kuwa uso wangu haukuonekana, pombe ilichanganywa kwa ajili ya magoti mabovu ya Mzee peke yake. Nilikunywa dawa ya magoti kwa saa mbili. Magoti yangu hayakuwa na neno. Leo asubuhi nimejikuta nimeruka ua wa mnada bila kukusudia, mbele ya wachuuzi. Mimi sina mwakilishi katika chungu kile.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Kwa miaka minane ya ndoa, Mzee nimesikia kwake salamu tu, tena za ng'ambo ya barabara. Nyuma ya kihenge ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza. Jana alisimulia alivyomfukuza fisi kwa mwiko wa ugali, nami nikauma mkono wa koti nisiangue kicheko. Kisha akasema, "Namshukuru Mungu, Bathsheba nilimpa mtu asiyekunywa." Nilijisikia vibaya sana. Nilivuta funda moja tu, basi.

Kwa hiyo naomba ukuta ujengwe katikati ya nyumba, upite juu ya chungu, kila mmoja anywe upande wake. Ikiwa udongo hautoshi, naomba askari wa kupiga filimbi Mzee anapovuka daraja. Ikiwa askari nao hawatoshi, serikali iivunje ndoa yangu kila Alhamisi kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, ili Mzee awe mtu baki, kisha ifungwe upya kabla ya chakula. Nimeshauriana na Bathsheba bila kumweleza sababu. Ameuliza tu kama ndoa haiwezi kukaa imevunjika mpaka Ijumaa.

Nisalimie wanakamati wote, tarishi wenu, na yule ng'ombe mwekundu uliyemnunua kwetu mwezi wa tano. Kama bado anapiga teke, samahani.

Ni mimi mtumishi wako, mwenye magoti mazima kupita kiasi,
Andrew Ratemo

Nyongeza, Jumapili. Bwana Mwenyekiti, tafadhali ichane barua hii. Mama Kemuma amepita kwangu asubuhi, akaniambia Mzee amejua tangu Alhamisi ya kwanza, kwa kuwa kofia yangu ya mnada huning'inia pale mlangoni. Hukohoa ili nipate nafasi ya kufika nyuma ya kihenge. Ukuta usijengwe, askari asiletwe, na ndoa yangu iachwe ilivyo. Kwa Alhamisi ijayo Mzee ameomba jambo moja tu: chungu kisogezwe karibu na kihenge, kwa sababu mrija wa mgeni ni mfupi.