Kura ya Hamsini kwa Gari Lisilo na Pistoni

Siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, mwaka elfu mbili na ishirini na nne, saa saba na dakika kumi mchana, manyunyu yakiangukia mabati na upepo ukiwa haujaamua utokee wapi, karani mkuu wa masijala alipangusa makombo ya mkate juu ya kibodi ya serikali, akakaza kilemba, akatangaza vita. Tegeni masikio, enyi mliozoea habari za waliovunja ngome na kuvuka majangwa. Ziwekeni kando habari hizo, kwa kuwa ni ndogo. Wahenga walipigania visima na malisho. Kizazi hiki kimepata jambo zito zaidi: kimeomba gari liingizwe katika mchezo wa video.

Shujaa wetu, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Jalada, alikuwa mlinzi wa makabati arobaini ya chuma, mshika mhuri, mpasua bahasha, mwanamke ambaye hakuna barua iliyopata kumpita bila kutobolewa matundu mawili. Jioni, akishavua viatu, alikuwa dereva. Magari mia tatu na kumi na mawili yaliyomo katika mchezo ule wa mashindano alikuwa ameyaendesha yote, na yote ameyadharau, kwa sababu halikuwamo moja tu alilolitaka: gari la mfano, yaani lile liundwalo kwa kushindana tu na lisilouzwa kwa mtu, lenye injini ya rota. Injini hiyo haina pistoni za kupanda na kushuka kama makarani kwenye ngazi. Ndani yake huzunguka vipande vya chuma vyenye pembe tatu, na sauti yake ni ukelele mmoja, mrefu, mwembamba, usiopumua. Bi Jalada aliusikia ukelele huo mara moja tu, katika televisheni ya jirani, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na tangu siku ile kila injini nyingine kwake ilikuwa kikohozi.

Waundaji wa mchezo walikuwa na jukwaa mtandaoni, naye Bi Jalada alijiandikisha humo kwa jina lilo hilo. Jukwaa lilikuwa na sheria, na sheria zilikuwa fupi hata mzembe angezimaliza. Pendekezo moja kwa gari moja. Kura hamsini ndani ya siku saba, kila kura na jina la mpigaji. Likitimiza, hupokelewa, lisipotimiza, hufungwa, na gari lililofungwa halipendekezwi tena na mtu yeyote milele.

Mwingine angeandika mistari mitatu. Bi Jalada aliandika kurasa nne, kwa maana mkono uliozoea masijala haujui njia nyingine ya kuomba. “YAH: OMBI LA KUINGIZWA GARI LENYE INJINI YA ROTA,” ndivyo alivyoanza, akapigia mstari. “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.” Akaweka namba ya kumbukumbu. Akaweka viambatisho. Mwisho kabisa, ili pasiwepo shaka juu ya uzito wa jambo, akaandika: “Nakala: Faili.”

Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu aliyejiita Pistoni Nane.

“Mama, hii ni barua ya kuomba gari au ya kuomba likizo?”

La pili lilitoka kwa asiyejulikana: “Nimefika ukurasa wa pili, petroli imeniishia.”

Hapo shujaa alisimama kitini, ingawa hapakuwa na wa kumwona ila tarishi, akanena huku akichapa: “Enyi wana wa pistoni, mliozaliwa katika moshi na mtakaozeeka katika mtetemo! Mnacheka msichokijua. Siku rota itakapowapita mtasikia ukelele tu, na mtauliza, ni nini kile? Nami sitawajibu!”

“Chai yako inapoa, bosi,” alisema tarishi.

Kura zikaja kama mishahara, kidogo na kwa kuchelewa. Siku tano za kwanza Bi Jalada hakumwomba mtu, maana karani mkuu haombi, huombwa. Siku ya sita, zilipogota thelathini na nne, heshima yake ikateremka ngazi. Akamshika mhasibu, akamshika mlinzi wa lango, akamshika tarishi, akawafungulia akaunti mmoja mmoja kama anayeandikisha askari wa kukodiwa.

“Nimepiga,” alisema tarishi. “Ila sijui nimepiga nini.”

“Umepigia historia.”

“Haya. Na historia inalipa nauli?”

Jumanne ya pili, saa saba kasoro dakika kumi, kura zilikuwa arobaini na tisa, na zimebaki dakika ishirini. Alimjua mwanachama mmoja tu ambaye hakuwa amepiga: wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi wa zahanati iliyo ng’ambo ya barabara. Na alijua kwa nini. Siku tatu kabla, wifi huyo alikuwa amependekeza kwenye jukwaa lile lile gari la wagonjwa, kwa mistari miwili tu: “Ndilo gari pekee lenye sababu ya kukimbia. Lipewe nafasi.” Chini yake Bi Jalada aliandika mbele ya watu wote: “Uwanja wa mashindano si wodi. Pendekezo hili ni aibu kwa jukwaa, na mwandishi wake ameze dawa zake mwenyewe.” Mpaka siku ile gari la wagonjwa lilikuwa na kura moja, ya muuguzi mwenyewe.

Mwenye kutema mate juu hupangusa uso wake. Bi Jalada alivuka barabara bila mwavuli.

Zahanati ilikuwa na benchi moja refu, na benchi lilikuwa na watu sita. Mwanamume mwenye kidole cha mguu kilichovimba alinyoosha fimbo akaziba njia.

“Foleni, mama. Hapa hatupiti kwa cheo.”

“Sikuja kutibiwa!”

“Sasa zahanati umefuata nini, kununua nyanya?”

Akaruka fimbo. Watunza kumbukumbu na waandike kwamba aliiruka, na kwamba kiatu cha kushoto kilibaki upande wa pili. Ndani, muuguzi alikuwa amemshika seremala kiganja kilichokatwa na msumeno, mikono yake miwili ndani ya glavu, bandeji ikizunguka.

“Wifi! Umepatwa na nini?”

“Nimepatwa na saa,” alinena Bi Jalada, akiinua simu kama ngao. “Ewe dada wa mume wangu, binti wa nyumba iliyonipokea, wewe uzuiaye damu za watu! Nimesimama kwenye ukingo. Kura moja inanitenganisha na milele. Vua glavu, bonyeza, na jina lako litatajwa!”

“Mikono ina kazi.”

“Zimebaki dakika saba!”

“Huyu ana nyuzi tano. Na lile gari langu je? Lile la aibu kwa jukwaa?”

Bi Jalada alitazama mizani, akatazama trei ya mikasi, akatazama kila kitu isipokuwa wifi yake.

“Gari lako nitalifikiria.”

“Basi na mimi nafikiria,” alisema muuguzi, akaanza kukunja ncha ya bandeji taratibu, kama anayekunja nguo za mtoto.

“Muuguzi, mpe tu huyu mama,” alisema seremala. “Akipiga kelele na wewe unakaza bandeji.”

“Dakika nne! Nitalipigia, wifi! Nitalipigia kura!”

“Kwa jina lako? Waone wale wenzako?”

“Kwa jina langu.”

Muuguzi aligeukia mlangoni. “Mmesikia?”

“Tumesikia,” lilijibu benchi zima.

Ndipo glavu ikavuliwa, kidole kikashuka, na saa saba na dakika tisa, zikiwa zimebaki sekunde za kupiga chafya, kura ya hamsini ikaingia. Mstari mwekundu ukageuka kijani. Juu yake likatokea neno moja: LIMEPOKELEWA.

Pigeni tarumbeta, kama mnazo! Limepokelewa. Halikuingizwa mchezoni, halikuahidiwa, halikusomwa na mtu yeyote, limepokelewa. Na hakuna kiumbe aliyepaswa kuijua thamani ya neno hilo kuliko Bi Jalada, ambaye kwa miaka kumi na minane alikuwa ameligonga kwa mhuri juu ya barua za wenye paa zinazovuja na mafao yasiyolipwa, kisha akazilaza kabatini, na haikuamka hata moja. Lakini ushindi humfumba macho mshindi kabla ya kumvika taji. Aliinua simu juu, mguu mmoja hauna kiatu, akapaza sauti:

“Limepokelewa!”

“Nini?” aliuliza mwenye kidole.

“Gari!”

“Liko wapi?”

Muuguzi alikuwa amenyoosha mkono.

“Sasa langu, wifi.”

“Nikifika ofisini nitalishughulikia.”

Benchi likacheka, kicheko kisicho na furaha. “Hata barua yangu ya kiwanja,” alisema mwenye kidole, “inashughulikiwa hapo kwenu tangu mwaka juzi.”

Seremala alitazama bandeji yake. Muuguzi hakuushusha mkono. Alisubiri tu, kama wanavyosubiri watu waliokwisha kuahidiwa.

Na hapa, katika habari hii yote ya upuuzi, lilitokea tendo moja lisilostahili dharau. Bi Jalada aliketi kwenye kigoda cha wagonjwa, akafungua ukurasa wa gari la wagonjwa, akayasoma tena maneno yake mwenyewe yaliyokuwa chini yake, akabonyeza. Haikupita dakika, Pistoni Nane akaandika: “Jamani, Bi Jalada amelazwa wodini!” Bi Jalada aliusoma ujumbe huo mpaka mwisho, akaiacha kura yake pale pale.

Gari la wagonjwa likawa na kura mbili, majina yote mawili yakionekana. Deni lilikuwa limelipwa.