Bwana Josia Anapokea Simu

Jumatatu, 3 Machi

Kampuni imezaliwa leo asubuhi, sebuleni kwangu, Kibeta. Sherehe haikuwepo. Mke wangu Elieth alikuwa anatafuta kiatu awahi kufundisha shuleni. Nilipomwomba asimame kidogo nimsomee hotuba ya ufunguzi, alisema nisogeze mguu, kiatu kiko chini yangu. Ndivyo historia inavyopokelewa nyumbani.

Kazi yenyewe ni rahisi ajabu. Nashangaa hakuna aliyeiwahi. Mtu yuko kwenye shughuli zake, hawezi kushika simu. Simu inahamia kwangu. Naipokea kwa sauti nzuri, nachukua ujumbe, namfikishia. Sauti ninayo. Pale kigangoni nilisoma matangazo Jumapili mbili, watu wakasema ni kama redio. Jumapili ya tatu katekista akanizuia, ati naongeza maoni yangu. Wivu.

Isitoshe, nina nafasi. Tangu Januari mimi na ghala la kahawa tumeachana. Wao ndio walioanza, mimi nikakubaliana nao.

Wateja wawili tayari! Wa kwanza Ta Kaijage, yaani Mzee Kaijage kwa Kihaya, daktari wa mifugo. Huyu anashinda vijijini, mkono ndani ya ng'ombe hadi begani. Wa pili Philbert, fundi seremala. Yeye hapokei simu kwa sababu wanaopiga wanataka vitanda vyao.

Jirani yetu Farida, anayeshona nguo kibarazani kwake, aliuliza nimeanzisha nini. Nikamweleza mfumo mzima, kwa kirefu, hadi uzi ukamwishia. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo unapokea simu." Watu wengine hawana upeo.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya misukosuko.

Philbert alikuwa ameagiza niwaambie wateja wake kwamba atawapigia. Maneno makavu mno! Kampuni haiwezi kusikika hivyo. Kwa hiyo mama mmoja wa Hamugembe alipopiga kuulizia kabati lake, nikamjulisha kwamba Fundi Philbert yuko Kampala, kwenye mkutano mkuu wa maseremala, na kwamba ameombwa kuhutubia.

Mama akasema anamwona. Alikuwa amesimama mlangoni pa karakana, na Philbert alikuwa amejibanza nyuma ya mbao anakula muhogo huku simu yake imelala pajani.

Nikasema, basi amesharudi. Huo unaitwa wepesi wa akili. Mama hakuuthamini.

Philbert alikuja jioni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisema maneno ambayo siyaandiki hapa, Kwaresima inaanza kesho. Akaondoka. Lakini hakwenda mbali! Alivuka ua akaingia kwa Farida. Kabla ya magharibi nikamsikia Farida akipokea simu za Philbert, cherehani haijasimama. Mtu kapiga, Farida kasikiliza, kasema, "Sawa, nitamwambia." Basi. Nitamwambia! Tena kafunga Ramadhani, koo limemkauka, sauti kama mlango mbovu. Eti hiyo nayo ni huduma.

Elieth kasema labda hicho ndicho watu wanachotaka. Elieth anafundisha darasa la pili. Mambo ya biashara yanampita.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Misa ya asubuhi, majivu usoni. Nimeamua kuacha pombe ya rubisi hadi Pasaka. Elieth aliuliza kama siwezi kuacha na kuongea. Nikamwambia asinichokoze. Nilikuwa nimefunga.

Saa tano simu ya Kaijage ikahamia kwangu. Sauti ya mama mtu mzima, kutoka Ijumbi kule Muleba. Naijua sauti hiyo popote. Ma Restituta! Mama mkwe wangu!

Sasa, mama mkwe anaamini bado mimi ni karani wa ghala la kahawa. Sijaona sababu ya kumsumbua na mabadiliko madogo. Ningesema nini? Nikakaza koo, nikaishusha sauti hadi tumboni, nikasema, "Ofisi ya Daktari Kaijage, unaongea na Bwana Josia."

Jina nililitunga papo hapo, maana Rwekaza analijua. Hakunitambua! Mtaalamu ni mtaalamu.

Mtamba wake Bihogo anakaribia kuzaa, uzao wa kwanza, ana wasiwasi naye. Nikamwambia, pole waitu, kwa adabu yetu ya Kihaya, ujumbe umefika. Ningeishia hapo. Lakini nikaongeza kwa heshima kwamba bila shaka ana vijana wa kumsaidia, labda hata mkwe.

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akasema mkwe anaye, alikuja Krismasi, akakaa siku nne, akamaliza firigisi zote, na akamfundisha namna bora ya kumkamua Bihogo. Bihogo ambaye hajawahi kuzaa.

Nikasema pengine huyo mkwe ni mtu mwenye mawazo ya mbele.

"Mwanangu Josia," akasema, "wewe unasikiliza. Binti yangu aliolewa na mtu anayengoja umalize ili aanze."

Nilitaka kumkatiza. Nikajizuia, ingeonekana kama ni kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Kapiga tena! Bihogo hana jipya. Kapiga tu kumsalimia Bwana Josia. Aliuliza nimekula nini, kwetu ni wapi, nina mke? Nikasema ninaye. Akasema mwanamke huyo ana bahati, amshukuru Mungu kila siku. Machozi yakanilengalenga. Mwanamke huyo ni binti yake, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Baadaye nikakasirika. Miaka tisa nimeoa pale. Nimebeba mikungu ya ndizi, nimekaa kwenye vikao vya misiba, nimesifia kila kilichopikwa. Sijawahi kuulizwa nimekula nini. Josia ana siku mbili tu! Josia amefanya nini? Sijui kwa nini watu wanamshabikia huyo Josia.

Jioni Kaijage alipiga kuchukua ujumbe wa siku. Aliuliza kuhusu ng'ombe wa Ijumbi: je, kiwele kimejaa? Sikuwa nimeuliza habari za kiwele, tulikuwa tunazungumzia bahati ya mke wangu. Nikasema hali ni ya kuridhisha. Akasema vizuri, nimfikishie Ma Restituta kwamba kesho tangu asubuhi atakuwa hapo hapo Ijumbi, kwa Kahangwa, anachanja ng'ombe. Kukiwa na lolote amwite.

Nikasema nitafikisha. Nilipokata simu nikatafakari. Ni kampuni gani kubwa inayotangaza ovyo mahali alipo mkurugenzi? Hiyo ni siri ya mteja. Tena mama aliyenisema hivyo anaweza kungoja kidogo, si ana Josia?

Nikala, nikalala vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika ili iwepo kumbukumbu.

Simu iliita asubuhi baada ya chai. Niliiweka kwenye spika, kama ofisini. Mama mkwe. Sauti yake haikuwa ya jana. Bihogo ameanza tangu alfajiri, chupa imepasuka, kwato moja inaonekana, kichwa hakionekani. Daktari yuko wapi?

Nikasema daktari yuko kikazi.

Kikazi wapi?

Nikasema kampuni haitoi taarifa hizo.

"Josia mwanangu," akasema, "mtafute, nakusihi. Tangu mume wangu azikwe, huyu ng'ombe ndiye ninayeongea naye asubuhi."

Hapo nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini ningesemaje leo bila kuonekana kwamba nilijua tangu jana? Heshima ya Josia yote ingeanguka. Kwa hiyo nikampa ushauri. Nilimwambia amkande kwa maji ya moto. Nilimwambia amtembeze. Akasema amelala, hanyanyuki. Nikasema basi asimtembeze. Simu nyingine ilikuwa inalia pembeni, nikaona jina la Kaijage, nikaiacha. Ningemwachaje mama analia nipokee simu nyingine? Huo si ustaarabu.

Sikumsikia Elieth akiingia. Alikuwa amerudi kuchukua madaftari ya wanafunzi. Alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa naongea kwa sauti ya tumboni, nikisema, "Jipe moyo waitu, Josia yuko nawe," na kwenye spika mama yake mzazi alikuwa analia.

Aliweka madaftari chini taratibu. Akaichukua simu.

"Mama, huyo ni Rwekaza."

Ng'ombe akalia upande wa pili, mlio mrefu.

Elieth akanigeukia akauliza Kaijage yuko wapi. Nikaanza kueleza sera ya kampuni kuhusu siri za mteja. Aliniangalia tu. Darasa la pili lote linalijua jicho hilo, sasa nimelijua na mimi.

"Kwa Kahangwa," nikasema.

Kahangwa! Shamba lake na la mama mkwe linatenganishwa na mstari mmoja wa migomba. Mama mkwe hakutumia simu. Tulisikia ameiweka chini, kisha tukasikia akiita kwa nguvu zake zote jina la Kaijage. Na kupitia simu ile ile, ikiwa imelala kwenye majani ya zizi, nikamsikia Kaijage akiitika. Sauti ya mama ilimfikia vizuri kabisa. Hata chaji haikuhitajika.

Tulikaa tunasikiliza. Elieth alishika simu kwa mikono miwili. Kaijage akiomba maji, akiomba kamba, akisema kichwa kimegeukia nyuma. Akasema, sukuma mama, utadhani Bihogo anaelewa Kiswahili. Mama mkwe akimbembeleza Bihogo kwa Kihaya, kama anavyobembelezwa mtoto. Kisha kishindo. Elieth akafumba macho. Kisha kitu kikapiga chafya.

Ndama! Mzima! Elieth alilia hadi majivu ya juzi, au chaki, sijui, yakamchirizika shavuni. Na mimi nililia. Nilinyoosha mkono nimshike, akauhamisha mkono wake.

Mama mkwe akaokota simu.

"Elieth," akasema. "Mlete."

Jumamosi, 8 Machi

Ijumbi. Tumefika asubuhi, mvua kubwa. Nilipiga magoti nikamsalimia mama mkwe. Alinipita kama unavyopitwa mgomba uliokatwa. Akamkumbatia Elieth, akanikabidhi mundu, akaonyesha kwa kidevu upande wenye nyasi.

Nimekata nyasi siku nzima. Mgongo haupo tena.

Kaijage alipita kumtazama Bihogo. Alinitaarifu bila hasira, akinawa mikono, kwamba simu zake zimehamia kwa Farida tangu jana. Nikamwuliza kama ameridhika kweli na "nitamwambia". Akasema ndiyo, kwa sababu huwa anamwambia.

Ndama ni dume. Mama mkwe amempa jina la Josia. Nilishangaa, nikaguswa pia. Watu wachache hupewa heshima hiyo wangali hai. Nilimwambia hivyo wakati wa chakula, ili kuvunja ukimya. Aliweka kijiko chini. Akasema Josia alikuwa kijana mwenye adabu. Nikamkumbusha kwa upole kwamba Josia na mimi ni mtu mmoja.

"Hapana," akasema, akaendelea kula.

Elieth atabaki hapa hadi kesho kutwa, kumsaidia mama. Nilisema nami nitabaki. Wote wawili walisema hapana kwa pamoja, kama kwaya.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi Kibeta peke yangu. Nyumba kimya. Farida kaniletea uji na sambusa za futari, akaniuliza Elieth atarudi lini. Nikasema karibuni. Alinitazama kwa huruma, na simu yake ikaita mara tatu akiwa amesimama hapo. Makusudi.

Nimekaa nikajipima kwa ukweli, bila kujipendelea. Kosa lilikuwa wapi? Nimelipata. Kosa lilikuwa ng'ombe. Mifugo haitabiriki. Mimi sikukosea popote. Nimezungumza na mama mkwe wangu siku tatu mfululizo, akacheka, akanisifia, akataka kujua nimekula nini. Ni mwanamume gani mwingine mkoa huu wa Kagera anaweza kusema hivyo?

Kumbe biashara ndiyo hiyo! Wakwe! Wanaume wangapi wanaogopa kuwapigia mama wakwe zao? Wote. Mimi nitawapigia kwa niaba yao.

Mteja wa kwanza nilimpata leo hii njiani. Clavery, kijana wa bodaboda aliyenitoa Ijumbi hadi stendi ya Muleba. Ameoa juzi, mama mkwe wake anamtaka aende kujitambulisha rasmi, naye anaogopa. Nikamwambia aniachie mimi, nitasema amebanwa na kazi, basi. Kanipa namba ya mama huyo palepale.

Nimepiga sasa hivi. Sauti ya tumboni, heshima zote. Lakini "amebanwa na kazi" ni maneno makavu mno, mama hakuonekana kuridhika. Nikayatia uhai kidogo. Amefurahi sana! Amepiga vigelegele, ameita majirani.

Nimemwahidi ng'ombe watatu. Clavery anawapeleka Jumamosi.